Jenereta Ikigoma, Ipime Kabla ya Kuinunulia Vyuma

Mkulima mwenzangu, jenereta nzima ni kibarua mwema. Hukata majani ya ng'ombe, huvuta maji kisimani, huwapa vifaranga joto usiku, na stima ya laini ikikatika haikuachi gizani. Lakini aghalabu hugoma siku ile unayoihitaji kupita siku zote. Maziwa ya jioni yamo katika chombo cha kupozea, au mayai yamo katika mashine ya kuangulia, nawe unavuta kamba mpaka bega linauma, na injini imenyamaza kimya.

Siku kama hiyo wakulima wengi hufanya moja katika mambo mawili. Wengine hushika spana na kufungua kila nati waionayo, na jua likitua vyuma vimejaa gunia wala hapana ajuaye kipi hukaa wapi. Wengine huchukua fedha za maziwa wakanunua plagi mpya, kisha koili mpya, kisha kabureta mpya, kumbe ugonjwa ulikuwa petroli iliyolala ndani ya tangi tangu mavuno yaliyopita. Yote mawili ni hasara. Daktari wa mifugo hamdungi ng'ombe sindano kabla ya kumpima joto. Nawe vivyo hivyo, yakupasa kuipima mashine kabla ya kuinunulia dawa.

Njia ya kupima si ngumu. Anza na mambo yasiyo na gharama, kisha yale ya gharama ndogo, na ya gharama kubwa yawe ya mwisho. Wala usiguse jambo la pili kabla hujamaliza la kwanza, kwa maana ukigeuza mambo matatu kwa mara moja hutajua ni lipi lililoponya.

JENERETA NI MASHINE MBILI

Watu hudhani ya kwamba jenereta ni mashine moja. Sivyo. Ni mashine mbili zilizofungwa katika fremu moja.

Ya kwanza ni injini ya petroli, ndugu yake injini ya pampu. Ya pili ni kichwa cha stima, yaani sumaku inayozunguka katikati ya nyaya za shaba. Mwaka 1831 Bwana Michael Faraday wa Uingereza alionyesha ya kwamba sumaku ikipita karibu na waya wa shaba, stima huzaliwa ndani ya waya ule. Hiyo ndiyo kazi ya kichwa. Injini haitengenezi stima hata kidogo. Kazi yake ni kuzungusha tu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, injini yawaka na kuzunguka sawasawa? Kama haiwaki, ugonjwa uko katika injini, na nyaya za stima uziache. Kama yazunguka vizuri lakini taa haiwaki, ugonjwa uko katika kichwa au katika waya wako, nayo kabureta uiache. Ukijua hili tu umekwisha kuepuka nusu ya kazi.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Itoe jenereta nje, mahali tambarare, mbali na nyumba na mbali na jiko. Chomoa nyaya zote za mzigo. Kama ilikuwa ikifanya kazi ingoje ipoe, kwa maana petroli ikimwagikia ekzosi yenye moto huwaka. Kila mara unapotaka kuingiza mkono karibu na vyuma vizungukavyo, chomoa kwanza kofia ya plagi, ili injini isije ikashika ghafula.

Kila hatua unapofungua kitu, kipige picha kwa simu yako. Vipande vitokavyo vipange kwa zamu katika sinia au juu ya kitambaa, wala usivitupe ovyo nyasini. Nati moja iliyopotea yaweza kukupeleka mjini kwa nauli ya kwenda na kurudi.

INJINI HAIWAKI: MAMBO MATANO

Jambo la kwanza ni oili. Jenereta nyingi za siku hizi zina mlinzi ndani ya injini. Oili ikipungua, mlinzi huyo hukata cheche, na injini haitawaka hata ukivuta kamba siku nzima. Hakuvunjika kitu, mashine inajilinda isiungue. Weka jenereta mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kisha kitazame. Ongeza oili mpaka alama ya juu, wala usizidishe. Injini ndogo ya nguvu ya farasi tano na nusu hubeba kama lita 0.6 tu, basi usiimiminie kama trekta. Angalia pia ya kwamba haikusimama mteremkoni, kwa sababu oili ikikimbilia upande mmoja mlinzi hudhani kwamba imekwisha.

Jambo la pili ni petroli. Je, koki imefunguliwa? Je, swichi ya injini imewekwa mahali pa kuwaka? Usicheke, kwa maana mafundi wameitwa mara nyingi kuja kufungua koki. Kisha uliza petroli yenyewe ina umri gani. Petroli haikai kama mahindi ghalani. Baada ya mwezi mmoja au miwili ndani ya tangi, sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto upesi, hupotea hewani, na inayobaki huanza kugeuka kuwa utomvu. Hunuka kama rangi ya zamani.

Ipime hivi. Chota kidogo ndani ya chupa safi ya kioo, uiache itulie, kisha uitazame juani. Maji yakiwamo, yatakaa chini ya chupa kama ushanga, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli. Tena pakaza tone moja kidoleni. Petroli njema hukauka upesi. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha kidole kikiteleza. Ikiwa ni mbaya, imwage yote ndani ya mtungi, siyo juu ya udongo wala karibu na kisima, kisha utie mpya.

Jambo la tatu ni hewa. Injini baridi hutaka choki ifungwe. Injini yenye moto hutaka ifunguliwe. Ukisahau choki ikiwa imefungwa, injini hunywa petroli kupita kiasi na kuzama. Ikizama, funga koki ya petroli, fungua choki kabisa, uvute kamba mara sita au saba ili petroli iliyozidi itoke, kisha ufungue koki na kujaribu tena.

Halafu fungua kifuniko cha kichujio cha hewa. Shambani, penye vumbi la makapi na unga, kichujio hujaa upesi. Kikiwa cha sponji, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikaushe kabisa, tia matone machache ya oili safi na ukikamue. Kikiwa cha karatasi usikioshe. Kigongegonge polepole mpaka vumbi litoke, na kikichakaa ukibadili.

Jambo la nne ni plagi. Plagi ni barua ambayo injini imekuandikia, basi isome. Ichomoe baada ya kuvuta kamba mara kadhaa. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki ndani, na ugonjwa uko katika njia ya petroli. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli inafika lakini cheche hakuna au ni dhaifu, ama injini imezama. Ikiwa imejaa masizi meusi makavu, hewa ni haba au choki haifunguki sawasawa. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo rangi ya afya.

Isafishe kwa brashi ya waya, na upime nafasi ya mdomo wake. Injini nyingi za namna hii hutaka nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8, lakini soma kitabu cha mashine yako. Ukitaka kuona cheche, irudishe plagi katika kofia yake, ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, uguse chuma cha injini kwa ubavu wa plagi, mbali na tundu ilimotoka, na mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Lakini usifanye jaribio hili mahali petroli imemwagika, wala wakati injini imezama na mvuke wa petroli unatoka katika tundu.

Jambo la tano ni kabureta, na hili liwe la mwisho. Chini yake pana kikombe kidogo chenye skrubu ya kumwagia. Weka kopo chini, fungua koki ya petroli, kisha ulegeze skrubu. Petroli ikitiririka vizuri, njia ya kutoka tangini ni wazi. Isipotoka, au ikidondoka tone tone, basi kichujio cha tangini, mpira, au sindano ya kikombe imeziba. Mara nyingi uchafu na maji hutoka kwa njia hii peke yake, na injini huwaka bila ya kufungua kitu kingine.

Ikiwa bado, funga koki, ondoa kikombe, uitazame jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano. Tundu hilo likizibwa na utomvu wa petroli ya zamani, injini haina njia ya kunywa. Lizibue kwa unywele mmoja wa waya laini wa shaba na kwa kupuliza. Usitumie sindano ya chuma wala keekee, kwa maana tundu likipanuka halirudi tena.

Ukiyamaliza haya matano na injini bado imekataa, sasa ni haki kwenda kwa fundi. Lakini hutakwenda mtupu. Utamwambia, "Oili iko, petroli ni mpya, yafika kwenye kikombe, plagi yalowa, lakini sioni cheche." Fundi akisikia maneno hayo hatapoteza siku yake, wala hatakuuzia kitu ambacho huhitaji.

INJINI YAWAKA LAKINI HAITULII

Magonjwa mengine hayaizuii injini kuwaka, bali huisumbua.

Ikipanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida, jaribu kufunga choki nusu. Ikitulia, umepata jibu: petroli haitoshi kwa hewa inayoingia, na mara nyingi jeti imeanza kuziba. Lakini ujue ya kwamba jenereta za inveta zina desturi ya kupandisha na kushusha mbio zao zenyewe kwa kufuata mzigo, na huo si ugonjwa.

Moshi mweusi maana yake petroli imezidi au hewa imepungua. Tazama choki na kichujio. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Labda uliijaza kupita alama, au mashine ililazwa ubavu garini. Ukiendelea siku nyingi na oili inapungua, pistoni imeanza kuchakaa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao huwadanganya wengi. Mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini kwetu kuuliza kama angeweza kupata mkopo wa kununua jenereta nyingine. "Bwana Karani," akasema, "hii imenichosha. Yafanya kazi robo saa kisha yafa. Nikienda kunywa chai, nikirudi yawaka tena. Nimebadili plagi mara mbili."

"Mzee, inapokufa umewahi kukilegeza kifuniko cha tangi?"

"Nikilegeze kwa nini? Petroli imo, naiona."

Siku ile ile kijana wake alijaribu. Injini ilipokufa akakilegeza kifuniko, hewa ikaingia kwa sauti, na injini ikawaka kwa mvuto mmoja. Tundu dogo la kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi la unga. Kila mtu ajua ya kwamba kopo la mafuta likitobolewa tundu moja halimiminiki vizuri. Hutaka tundu la pili la kupitishia hewa. Tangi ni vile vile. Petroli ikishuka na hewa isiingie mahali pake, baada ya muda petroli hukataa kushuka. Ukikaa kidogo, hewa hupenya polepole na injini huwaka tena. Mzee alikuwa tayari kuingia deni kwa ajili ya tundu lisilotosha kupitisha punje ya mtama.

INJINI YAZUNGUKA, STIMA HAKUNA

Sasa tuje upande wa pili. Injini yazunguka vizuri, lakini taa haiwaki.

Kwanza chomoa kila kitu. Tazama ile swichi ya usalama ambayo huruka mzigo ukizidi, irudishe. Kisha chomeka taa moja tu, ambayo umeijaribu mahali pengine ukajua ni nzima, moja kwa moja katika soketi ya jenereta. Jaribu na soketi ya pili. Taa ikiwaka, jenereta haina kosa; ugonjwa uko katika waya wako, au mashine uliyokuwa ukiiendesha, au mzigo ni mzito mno.

Pili, sikiliza mbio za injini. Jenereta nyingi za kawaida za nchi yetu hutengenezwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, ili stima itoke kwa mapigo 50 kwa sekunde na kama volti 230 au 240. Injini ikizunguka kivivu, taa hufifia. Lakini usikaze skrubu ya mbio kwa kubahatisha, kwa maana ikizidi, volti hupanda na kuunguza vyombo vyako. Kazi hiyo yataka mtu mwenye mita ya kupimia.

Tatu, huenda kichwa kimepoteza sumaku yake. Hapa yafaa nieleze kidogo. Katika jenereta nyingi, kile kizungukacho si sumaku ya kudumu. Ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Chuma hicho hubaki na sumaku kidogo sana kutoka kazi ya jana. Injini ikizunguka, sumaku hiyo ndogo huzaa stima ndogo, na stima hiyo huongeza sumaku, na sumaku huongeza stima, mpaka nguvu inatimia. Mabwana Werner von Siemens wa Ujerumani na Charles Wheatstone wa Uingereza walieleza jambo hili mwaka 1867, kila mmoja kwake, na mashine nyingi hulitumia mpaka leo. Ni kama chachu ya mkate: yatosha kidogo, lakini pasipo hiyo kidogo unga hauumuki.

Chachu hiyo hupotea jenereta ikikaa miezi mingi bila kuwashwa, au ikiangushwa, au ikiachwa kumaliza petroli na kuzimika ikiwa bado imebeba mzigo. Fundi mwenye mita huweza kutambua. Akikuta volti chache tu, chachu ipo na ugonjwa uko kwingine: brashi za kaboni zimeisha, au kapasita imekufa, au kifaa cha kusawazisha volti kimeungua. Akikuta sifuri kabisa, huenda sumaku imepotea au waya umekatika. Kurudisha sumaku kwa betri ya volti 12 ni kazi ya nukta chache kwa fundi ajuaye. Basi mtu akikwambia ununue kichwa kipya, muulize kwanza, "Je, sumaku umeijaribu? Brashi umezitazama?"

Sehemu hii usiifungue mwenyewe. Kapasita huweka stima ndani yake hata injini ikiwa imezimwa, nayo yaweza kukupiga.

MZIGO MZITO KULIKO PUNDA

Mara nyingine jenereta ni nzima, ila umeitwika kupita nguvu zake. Soma kibao chake. Pana nambari mbili: ya juu kabisa, ambayo ni ya kitambo kidogo tu, na ya kazi ya kudumu. Hesabu zako zifuate ya kazi ya kudumu.

Tena kumbuka mahali unapokaa. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na injini hupungukiwa na pumzi kama mtu wa pwani anayepanda mlima. Nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Nyanda za Kinangop ziko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Fanya hesabu: injini imepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake. Jenereta iliyoandikwa wati 3,000 huko haitakupa zaidi ya wati 2,100 au 2,200. Kwa hewa hiyo hiyo nyepesi, petroli huzidi na plagi hujaa masizi, kwa hiyo wenye mashamba ya juu wamwombe fundi awawekee jeti ndogo ifaayo.

Sasa tazama mota ya mashine ya majani yenye nguvu ya farasi mmoja. Ikishazunguka hutaka kama wati 750 na zaidi kidogo. Lakini wakati wa kuanza hutaka mara tatu, au hata zaidi, yaani wati 2,250 na kupita. Jenereta yako ya wati 2,100 itanguruma, taa zitafifia, na swichi itaruka. Jenereta haikuharibika. Dawa yake ni kuanza na mota peke yake, tena mashine ikiwa tupu bila majani, na taa ziwashwe baadaye. Waya nao uwe mnene na mfupi. Waya mwembamba wa mita 50 hula volti njiani, na mota huunguka.

HATARI MBILI ZISIZOSAMEHE

Yote niliyoyasema hapo juu, ukikosea, hasara yake ni fedha. Haya mawili hasara yake ni roho.

La kwanza ni moshi. Ndani ya moshi wa injini mna hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, ile ile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa njema zaidi ya mara 200, na mtu hufa kama anayesinzia. Kamwe usiwashe jenereta ndani ya nyumba, jikoni, ghalani, au katika nyumba ya kuku, hata kwa dakika mbili za kujaribu kama imepona, hata milango na madirisha yakiwa wazi. Iwe mita 6 au zaidi kutoka nyumba yoyote, na ekzosi ielekezwe kando.

Hatari huja usiku wa mvua. Mashine imekataa, mkulima huiingiza ghalani asilowe, huitengeneza kwa taa ya simu, na ikishika kwa furaha huiacha hapo hapo iendelee. Usifanye hivyo. Jenga leo kipaa cha mabati kisicho na kuta, ili mvua ikija uwe na mahali. Mtu akiumwa na kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jenereta, mtoeni nje upesi mahali penye hewa, zimeni mashine, na mpelekeni hospitali.

La pili ni stima ya laini. Kama nyumba yako imeungwa na Kenya Power, usichomeke jenereta katika soketi ya ukutani. Stima yako itatoka nje, itapanda kwenye transfoma na kugeuka kuwa ya nguvu nyingi, na fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa atauawa. Lazima fundi mwenye leseni akuwekee swichi ya kugeuzia, ili nyumba ipate stima ya upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

UTUNZE ILI ISIKUSUMBUE

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tundika daftari dogo kwenye nguzo ya kipaa. Andika saa ilizofanya kazi, petroli uliyotia na tarehe, na oili uliyobadili. Mashine mpya ibadilishwe oili baada ya saa 20 za kwanza, na baada ya hapo kila saa 100 au kila miezi sita. Kichujio kitazamwe kila saa 50, na penye vumbi mapema zaidi.

Mara moja kila mwezi iwashe nusu saa ikiwa na taa chache, ili sumaku na kabureta zisisahau kazi. Ukitaka kuiweka kwa muda mrefu, ondoa mzigo kwanza, halafu funga koki na uiache injini inywe petroli yote ya kabureta mpaka izimike yenyewe. Petroli ya tangini itie katika pampu au pikipiki itumike.

Kata ukurasa huu uubandike karibu na jenereta. Mfundishe mkeo au mumeo na vijana wako mambo matano ya injini kwa zamu yake: oili, petroli, hewa, plagi, kabureta. Waambie pia mahali ambapo mashine hairuhusiwi kuingia. Siku itakapogoma nawe uko sokoni, wao wataweza kuianzia kazi, na jioni maziwa yatakuwa salama.